Leaf ya Japan kwenye joto la Mtwara: nunua betri kwanza, bodi baadaye

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Chikongola, Mtwara. Nimeonyeshwa gari la umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2014 kutoka Japan, bei nzuri, kilomita 48,000 tu. Mizunguko yangu ni mjini na Mikindani, na Jumamosi nakwenda Lindi kumwona mama. Wapo wanaosema joto la huku litaua betri, na wapo wanaosema magari haya yanawaka moto. Umeme ukikatika, naweza kuchaji kwa jenereta?

JIBU: Ndugu yangu wa Chikongola, hizo kilomita chache ziweke pembeni kwanza. Kwenye gari la petroli zinakuonyesha injini imechoka kiasi gani. Betri ya lithiamu inazeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na hakuna kinachoizeesha haraka kama joto likikutana na chaji iliyojaa. Gari lililokaa yadi muda mrefu juani, chaji asilimia 100, linaweza kuwa na kilomita za kuvutia na betri iliyokwisha.

Waliokuonya kuhusu joto hawakukosea. Magari mengi ya umeme yana maji yanayozunguka kupoza betri. Leaf haina, joto linajitokea lenyewe taratibu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, walilalamika kuwa betri zao zinapungua uwezo upesi mno. Baadaye Nissan iliboresha kemikali za betri hizo ili zivumilie joto. Mtwara hatufiki nyuzi 40, ila ukiondoa miezi ya kipupwe, usiku wetu nao ni wa joto, kwa hiyo betri iliyochemka mchana inachelewa kupoa.

Sasa kupima. Washa gari, tazama kulia kabisa kwenye dashibodi. Kuna safu mbili za vijistari vinavyopanda juu. Vile vikubwa ni chaji iliyopo, na vile vyembamba vya pembeni, 12 kwa jumla, ndivyo afya ya betri. Kijistari cha kwanza kinazimika uwezo ukishapungua kwa kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na kidogo. Vikibaki 9, betri iko kati ya asilimia 66 na 72 ya uwezo wake wa kiwandani.

Usiishie hapo, kwa sababu kuna wauzaji wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri, vijistari vyote vinarudi 12, halafu vinaanza kuzimika tena baada ya gari kutembea. Mwambie wakala atumie kifaa cha kusomea kompyuta ya gari pamoja na programu ya Leaf Spy. Utaona asilimia ya afya, joto la betri, na volti za jozi zote 96 za seli. Mimi hizo volti ndizo naziangalia kwa muda mrefu zaidi. Zikiwa zimelingana, betri imezeeka kwa pamoja na utaishi nayo. Jozi moja ikidondoka peke yake dereva anapokanyaga, hiyo ni seli inayokufa, na gari litaanza kuzima safarini huku dashibodi ikionyesha chaji bado ipo. Inaweza kubadilishwa, ila betri hiyo ina volti zaidi ya 350. Asiiguse fundi aliyezoea betri za volti 12.

Tuje Lindi. Betri ya gari hilo ilikuwa ya uniti 24 ikiwa mpya. Ikiwa imebaki asilimia 70, ukitoa akiba ambayo gari linajiwekea, una kama uniti 15. Kwa mwendo wa upole bila AC, uniti moja inakupa kilomita 6 na nusu hivi, yaani hufiki 100. Washa AC, kimbia 80 kwa saa, unapungukiwa zaidi. Mtwara hadi Lindi ni kilomita mia na kitu. Ungeniuliza kwa mjini na Mikindani peke yake, ningekuambia chukua. Kwa safari ya kila Jumamosi, gari hilo likiwa na vijistari 9 silipendekezi hata kwa bei ya kutupa. Tafuta la uniti 40, la kuanzia mwaka 2018, lenye afya isiyopungua asilimia 85, kisha chaji ukifika kwa mama.

Waya wa kuchajia uliokuja na gari la Japan umetengenezwa kwa umeme wa kule, volti 100 au 200. Usibadilishe plagi tu ukachomeka kwenye 230 yetu, nunua wa 230. Uvutiwe laini yake kutoka swichi kubwa, yenye breka yake na ethi ya kweli, kwa sababu soketi ya kawaida ikibebeshwa ampea 10 kwa saa tisa inachemka, na nimeshaona zilizoyeyuka. Kila siku ishia asilimia 80, ya kujaza iache kwa safari. Ukirudi kutoka Lindi, liache lipoe kivulini kabla ya kuchomeka.

Umeme kukatika katikati ya chaji hakuui betri, kuchaji kunasimama tu. Hatari ni umeme unaporudi kwa kishindo, kwa hiyo weka kinga ya mshtuko wa umeme. Kilomita 100 zitakula kama uniti 17 ukihesabu zinazopotea wakati wa kuchaji, sawa na shilingi elfu sita hivi za Luku. Na kama leo uko kwenye uniti za shilingi mia, gari litakuvusha uniti 75 kwa mwezi na bei hiyo utaiaga.

Jenereta hapana. Ndogo ya petroli inakula karibu nusu lita kwa uniti moja, kwa hiyo kilomita 100 zinakugharimu lita saba au nane, mafuta ambayo gari dogo la petroli lingekufikisha nayo Lindi. Tena chaja nyingi zinagoma kwenye jenereta isiyo na ethi. Afadhali usubiri TANESCO, hasa sisi ambao gesi ya Mnazi Bay inazalisha umeme hapa hapa mkoani.

Kuhusu moto, ni kweli umetokea. General Motors ililazimika kurudisha Chevrolet Bolt zote, zaidi ya 140,000, kwa sababu ya kasoro za kiwandani ndani ya seli zilizotengenezwa na LG. Mwaka 2024 Nissan nayo iliita Leaf za 2019 na 2020 kule Marekani, kwa kuwa betri zingeweza kuchemka kupita kiasi zikichajiwa kwa chaja ya haraka. Wewe utachaji nyumbani polepole, hatari ni ndogo. Kinachonitia hofu zaidi kwa mtu wa pwani ni maji ya chumvi. Baada ya kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari yaliwaka siku kadhaa baadaye. Usilishushe ufukweni Shangani maji yakiwa yanajaa, na ukiambiwa gari liliwahi kuzama, achana nalo.

Kabla hujatuma hata shilingi, omba picha ya dashibodi na ya Leaf Spy, zote mbili zionyeshe kilomita zilezile na tarehe ya wiki hii. Wakala akisema hana kifaa, mpe siku mbili akitafute. Akikataa, gari si lako.