Likizo ya kusi: kwa wanaotafuta kibarua Mombasa mara ya kwanza

Mwaka wangu wa kwanza chuoni tulifunga mwezi wa Mei, nikajikuta na miezi mitatu mitupu na mfuko mtupu zaidi. Nilichapisha wasifu wangu nakala 20, nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikaazima shati jeupe la binamu yangu na kuanza na hoteli za Nyali. Kutoka hapo nikaenda Bamburi, kisha Shanzu, lango baada ya lango, raba za buluu miguuni kwa kuwa viatu vingine sikuwa navyo. Siku tatu nzima sikuvuka lango hata moja. Mabawabu walipokea karatasi zangu kwa adabu, nami nikajua zinaishia kwenye droo ya kibandani. Siku ya tatu bawabu mmoja wa Bamburi, mtu mzima, aliniita kivulini.

"Mwanangu, wataka kazi ya hoteli mwezi wa tano? Hapa hata wenye kazi zao wamepewa likizo. Vyumba vya upande ule vyote vimefungwa. Rudi mwezi wa saba, au ngoja kaskazi." Kisha akatazama raba zangu, asiseme neno.

Ningeyasikia maneno hayo mwezi wa Machi, nauli ya siku tatu ingebaki mfukoni. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaofunga chuo kwa mara ya kwanza, na nyinyi mliomaliza kidato cha nne mnaosubiri kuitwa chuoni.

Kazi za ufuoni zinafuata upepo na likizo za watu wengine. Likizo yetu haimo katika hesabu hiyo. Masika yakishuka na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza kuvuma, kuanzia Aprili mpaka Juni, wageni hupungua. Kuna hoteli zinazotumia miezi hiyo kupaka rangi na kukarabati, na kuna zinazofunga kabisa. Julai wageni huanza kurudi. Agosti Ulaya iko likizoni, na shule zetu nazo zimefungwa, kwa hivyo familia za bara huteremka na watoto wao. Desemba, upepo umegeuka kuwa kaskazi, ndio moto wenyewe. Sasa tazama kalenda ya vyuo vyetu vingi: likizo ndefu huanza Mei. Tunafika langoni na bahasha zetu wakati ule ule hoteli inapopunguza watu. Ushauri mwingi unaosoma kwenye simu kuhusu kazi za likizo ya kiangazi umeandikwa kwa vijana wa Ulaya na Marekani, ambao kwao jua, wageni na likizo vinakuja pamoja. Sisi Juni hatuna kiangazi, tuna kusi.

Basi Mei na Juni ipe bahari mgongo. Nenda kwenye maghala na yadi za makontena: Shimanzi, Changamwe, Miritini. Zamani majahazi yalingoja upepo. Meli za makontena hazingoji. Mombasa huuza chai kwa mnada kila wiki, ya Kenya na ya majirani kama Uganda na Rwanda, na maghala ya chai hiyo hayajui kama mtalii amekuja au hakuja. Kazi nyingi za huko ni za mabega, na makuli wana magenge yao ya miaka; usidhani utaingia kwa barua. Mwanafunzi huingilia upande wa kalamu: kuhesabu magunia yanayoshuka, kunakili namba za makontena, kuingiza orodha kwenye kompyuta, kubandika lebo. Mimi nilipata wiki tano za kuhesabu katika yadi moja ya Changamwe, na haikuwa kwa bahasha. Jirani yetu wa Kisauni alinikuta jioni kwenye mahamri akaniuliza, "Si wewe wasoma hesabu?" Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimesimama langoni naye.

Hapa vijana wengi hukasirika, husema kazi za Mombasa ni za kujuana tu. Kweli ni za kujuana. Ila jiweke mahali pa supavaiza: katoni moja ikipotea, analipa yeye. Akiletewa kijana na mtu anayemjua, anajua mlango wa kubisha. Akiokota kijana njiani, hajui hata jina ni la kweli. Kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kujulikana, na unaianza mapema, Februari au Machi, ukiwa bado darasani. Mwambie mama wa mahamri, kinyozi, dereva wa tuktuk, imamu au mchungaji wako, mjomba ambaye humpigii simu mpaka Idi. Na useme kitu kinachokumbukika. "Natafuta kazi yoyote" husahaulika kabla hujafika kona. "Najua kompyuta, naweza kuhesabu stoo, niko huru kuanzia tarehe 10 Mei mpaka mwisho wa Agosti" hiyo mtu huibeba kichwani, na siku bosi wake akilalamika kuwa hana mtu, wewe ndiye anayekutaja.

Msidharau arusi pia. Mji huu haukosi sherehe: watu wanatakiwa wa kupanga viti, kufunga mapambo, kupakua pilau, kuosha masufuria, kubeba vyombo vya muziki, na malipo mara nyingi ni usiku ule ule. Agosti, jamaa wa ng'ambo wakirudi likizo, wapishi wa sherehe huwa hawalali. Maduka ya nguo ya Biashara Street nayo huongeza mikono kabla ya Idi. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hivyo tazama kwanza itaangukia wapi, huenda isikutane na likizo yako hata kidogo.

Kufundisha watoto nyumbani ndiyo kazi niliyoichelewa zaidi, kwa aibu tu. Nilidhani ni kazi ya wasichana. Shule zikifunga Agosti, mzazi aliye kazini mchana kutwa anataka mtu wa kukaa na mtoto na hesabu zake. Nilikuwa na watoto watatu wa nyumba moja, hatua 50 kutoka kwetu, nalipwa kila Ijumaa, na chai na viazi karai juu yake. Dai malipo ya wiki, si ya mwezi. Mzazi mzuri wa wiki anaweza kuwa mgumu sana tarehe 30.

Hilo la umbali mlitilie maanani, maana ndipo hesabu zangu mwenyewe ziliponishinda, nami nasomea hesabu. Yadi ilinilipa shilingi 700 kwa siku. Kutoka Kisauni mpaka Changamwe ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi: 220 kwa siku, na mvua ikinyesha wanapandisha. Chakula 150. Kinachobaki ni 330, siku sita 1,980. Rafiki yangu wa Likoni alipata duka Mwembe Tayari kwa 500, tukamcheka. Feri ukivuka kwa miguu hulipi, na kutoka feri alikuwa anatembea. Chakula alitoka nacho nyumbani, ananunua vitafunio vya 100 tu. Alibaki na 400 kila siku, 2,400 kwa wiki. Mwisho wa likizo ndiye aliyenikopesha ada ya mtihani.

Mwaka wa pili nilitapeliwa. Ujumbe ulikuja kwenye kundi la WhatsApp la darasa: hoteli ya kifahari yataka vijana 30, mshahara 45,000, malazi bure. Kilichotakiwa ni 1,850 za sare na uchunguzi wa afya, kwa M-Pesa. Nikatuma. Siku ya pili wakataka 1,200 za kufungua faili. Nikatuma tena, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Baada ya hapo simu ikazimwa. Nilipofika hotelini nikawakuta wenzangu wanne langoni na ujumbe ule ule, na hoteli haikuwa na habari yoyote. Ungeniuliza ishara ilikuwa ipi, ningekwambia mwezi. Ilikuwa Mei! Nilikuwa nimeshaambiwa na bawabu, na bado nikaamini kuna hoteli inayoajiri watu 30 katikati ya masika.

Stakabadhi unazitafuta mwenyewe, hakuna wakala anayehitajika. Cheti cha tabia njema unakiomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha unapigwa alama za vidole. Huchukua muda, kwa hivyo kianze mapema. Cheti cha afya cha wanaoshika chakula hudumu miezi 6 tu, hicho usikimbilie kabla hujaona dalili ya jiko. Pini ya KRA, ile namba ya ushuru, na kitambulisho, hayo mnayajua.

Siku ya kwanza ya kazi nunua daftari dogo. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na ukiweza mwombe supavaiza atie sahihi kila Jumamosi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhesabu kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku. Lakini ukifanya kazi siku za mfululizo zikafika mwezi, sheria inakutazama kama mwajiriwa wa mkataba, mwenye haki zaidi. Ukiambiwa siku ya 25 "kapumzike kidogo, tutakuita", sasa unajua kwa nini. Mimi sikwenda kushtaki mtu. Lakini malipo ya wiki yangu ya mwisho yalicheleweshwa wiki tatu, karani akisema jina langu halimo, na daftari lile lenye sahihi ndilo lililolifanya jina langu lionekane.

Mwezi wa Julai, mwaka huo wa pili, nilirudi Bamburi kumwamkia yule bawabu. Sikumwomba kitu. Tulizungumza habari za mpira na za kusi, ambayo mwaka ule ilikataa kutulia, nikamwachia namba yangu nikaenda kwenye mambo yangu. Novemba, tuko katikati ya mitihani, simu ikalia namba nisiyoijua.

"Desemba hawa wataka watu wa kuhudumu ukumbini," alisema. "Nimelitoa jina lako. Viatu vyeusi unavyo?"