Re: Paka mzee mwenye kisukari amegoma kula, nimchome insulini?

Dada wa Ujiji, hapana. Paka wa miaka 13 asiyekula usimchome dozi kamili. Mpigie kwanza daktari wa mifugo. Sukari ikishuka mno atapepesuka, atalegea, hata kupata degedege. Hapo mpake asali kwenye ufizi, usimmiminie mdomoni akapaliwa, kisha mkimbize kwa daktari.

Tena kagua bomba la sindano leo hii! Insulini ya uniti 100 kwa mililita, ile ya binadamu, ikivutwa kwa bomba lililotengenezwa kwa insulini ya uniti 40 kwa mililita, alama ya uniti moja inabeba uniti mbili na nusu. Kwa mnyama wa kilo nne hiyo inaweza kuua.

Siku za kawaida mlishe kwanza, ndipo umchome chini ya ngozi, kila baada ya saa 12. Dagaa wetu wanamfaa, ila wabichi wasiotiwa chumvi, uwachemshe. Ugali na wali mpunguzie polepole, maana wanga hupandisha sukari. Insulini ikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, isigande. Ikiganda, itupe.