Akili inakimbia nikikaa kutulia, nitumie neno gani?

Dada yangu wa Uyole, pole. Unasema unaamka saa kumi na moja alfajiri, unajifunika blanketi, unafumba macho, na dakika mbili hazijaisha akili iko kwenye magunia ya viazi na deni la mbolea. Umeuliza kama mantra, yaani neno la kurudia-rudia unapotulia, itakusaidia, na kama lazima iwe ya Kihindi.

Itasaidia, na si lazima. Jina "mantra" ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ila Mkatoliki mwenye rozari na Mwislamu mwenye tasbihi wanaujua utulivu wa kurudia neno. Miaka ya 1970, daktari Herbert Benson wa Harvard alifundisha watu kurudia neno moja kila wanapotoa pumzi, kwa dakika 10 hadi 20.

Mimi hapa Iringa natumia "amani". Navuta pumzi kimya, natoa nikilisema moyoni, ile "ni" ya mwisho naiacha iishe yenyewe. Asubuhi za Juni naona mvuke ukitoka nayo puani.

Viazi vitarudi, dada. Usivifukuze, wala usijikaripie. Ukigundua uko kwenye deni, rudi kwenye neno taratibu, kama unavyomshika mkono mtoto aliyetoka nje ya ua. Hata mara hamsini. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe, na wengi huacha hapo wakidhani wameshindwa.

Usibadilishe neno kila siku. Anza na dakika tano, kabla hujashika simu. Lakini kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, nenda pia ukamwone daktari.