Vitabu viwili vinapingana kuhusu Sand Creek: niamini kipi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa sita naishi Aurora, Colorado. Kijana wangu wa sekondari amepewa kazi ya kuandika juu ya Sand Creek, yaani shambulio la askari dhidi ya kijiji cha wenyeji wa Marekani hapa Colorado mwaka 1864, nami nimemnunulia vitabu viwili. Cha kwanza ni cha zamani, nimekipata kwenye mitumba. Kinaliita tukio hilo vita, na kinasema wapiganaji mamia waliuawa. Cha pili ni kipya, kinasema ni mauaji ya halaiki na kwamba waliokufa wengi wao ni wanawake, watoto na wazee. Vyote vina tanbihi, na kile cha zamani kinanukuu ripoti ya kamanda mwenyewe aliyekuwa pale. Mume wangu anasema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, kwa hiyo kijana achukue kilicho katikati ya vitabu vyote viwili. Je, hiyo ni njia sahihi? Na nitajuaje kitabu cha kuaminika kuhusu historia ya Magharibi ya Marekani?

JIBU

Marahaba mama. Kijana asichukue cha katikati, na mumeo naomba anisamehe kwa kumpinga hadharani.

Haipiti wiki sijaulizwa swali la namna hii, na karibu kila mara anayeuliza amekwisha kupewa ushauri huohuo: vitabu vikipingana, simama katikati yao. Unasikika kama busara ya mzee wa baraza. Wanandoa wakigombana, mzee husikiliza huku na huku, kila mmoja akaambiwa alegeze kidogo, wakapatana. Historia haina wa kupatanishwa. Waliokufa Sand Creek walikuwa na idadi yao, umri wao na majina yao, na hakuna mapatano ya waandishi yatakayoongeza au kupunguza hata mmoja. Kitabu kimoja kikisema wapiganaji 500, kingine kikisema watu wapatao 230 na wengi wao si wapiganaji, katikati yake kuna hesabu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuihesabu.

Methali ya mumeo ni ya kweli. Kila mwandishi huvutia kwake, nami vilevile. Ila methali haikusema kwamba wote wamevuta sawa. Ukishajua mwandishi anaegemea wapi, bado hujajua kama anachosema kilitokea. Kinachokupasa ni kuuliza ameyatoa wapi maneno yake, kisha kuyafuata mpaka huko. Tufanye hivyo kwa kitabu chako cha zamani.

Kanali John Chivington, aliyeongoza askari wale, aliandika ripoti yake siku ileile, 29 Novemba 1864. Anasema alfajiri alishambulia kijiji cha Wacheyenne, mojawapo ya makabila ya wenyeji, chenye mahema 130 na wapiganaji 900 hadi 1,000, akawaua machifu Black Kettle, White Antelope na wengine, pamoja na watu kati ya 400 na 500. Mwandishi wako ameona kwamba msemaji alikuwepo, akatosheka. Wewe chukua kalamu. Gawanya wapiganaji 900 kwa mahema 130: unapata karibu wapiganaji saba katika kila hema, kabla hujamweka humo mke, mtoto wala bibi. Kambi nzima, pamoja na wachanga, ilikuwa na watu wapatao 700 au 750. Halafu huyo Black Kettle aliyeuawa. Mwaka uliofuata, Oktoba 1865, Black Kettle aliweka alama yake kwenye mkataba wa Little Arkansas mbele ya wajumbe wa serikali. Aliuawa kweli, lakini ni tarehe 27 Novemba 1868, kando ya mto Washita, na kikosi cha Custer, afisa wa jeshi la Marekani.

Tumesoma sentensi mbili za ripoti na zote mbili zimeanguka, bila kumsikiliza Mcheyenne hata mmoja na bila kuegemea upande wowote. Mtu aliyekuwepo anaweza kuwa hakuona. Anaweza pia kuwa na sababu ya kusema alichosema, na Chivington alikuwa nayo: sehemu kubwa ya askari wake walikuwa watu wa kujitolea walioandikishwa kwa siku 100, muda wao ulikuwa ukingoni, na mjini Denver walikuwa wakizomewa kwa kuwa hawajapigana na mtu.

Sasa waangalie mashahidi wengine. Kapteni Silas Soule alikuwa pale pale, afisa wa jeshi lilelile, na alikataa kuwaamuru askari wake wafyatue risasi. Tarehe 14 Desemba 1864, wiki mbili tu baadaye, alimwandikia Meja Edward Wynkoop barua kueleza aliyoyaona. Luteni Joseph Cramer naye aliandika ya kwake siku tano baada ya hiyo. Barua hizi ni za faragha, kwa mtu aliyewafahamu wote wawili, na hazikuwaletea faida yoyote. Soule alitoa ushahidi wake kwa kiapo mbele ya tume ya jeshi mwanzoni mwa 1865, na Aprili mwaka huohuo akapigwa risasi barabarani Denver, akafa. Ukimweka mtu huyu kwenye mizani na kamanda anayejisifu, kisha ukatafuta katikati yao, umemtendea dhuluma.

Utaniuliza: pengine mwandishi wa zamani hakuziona barua hizo? Swali zuri, na jibu lake linakufundisha kwa nini mwaka wa kuchapishwa una maana. Barua zilijitokeza tena mwaka 2000, kwa hiyo hatuwezi kumlaumu aliyeandika kabla ya hapo kwa kutozinukuu. Lakini ushahidi uliotolewa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani ulichapishwa mwaka 1865, na ripoti ya kamati hiyo ina neno la mauaji ya halaiki katika kichwa chake. Fungua tanbihi na faharasa ya kitabu chako. Ukikuta ripoti ya Chivington ipo na ya kamati ya Bunge haipo, mwandishi alikuwa na vyote viwili mbele yake akachagua kimoja. Mimi nikikiona kitabu kama hicho hukirudisha rafuni, hata kama kimepambwa kwa tanbihi mia tano. Tanbihi zinazorudi kwenye chanzo kilekile kimoja ni shahidi mmoja aliyeitwa mara mia tano.

Na kitabu chako kipya usikisamehe kwa sababu tu kinasema kile ambacho sasa tunajua ni kweli. Kiulize maswali yaleyale. Je, kinakubali kwamba baadhi ya Wacheyenne walichimba mashimo mchangani wakajihami, na kwamba askari kadhaa nao walikufa? Kinamtaja George Bent? Huyu baba yake alikuwa mfanyabiashara mzungu na mama yake Mcheyenne. Alikuwamo kambini siku hiyo, akajeruhiwa nyonga. Ni shahidi wa thamani kubwa sana. Lakini aliyoyasimulia kwa barua aliyaandika zaidi ya miaka 40 baadaye, na kitabu kilichotokana na barua hizo kilipita mikononi mwa mhariri, kikachapwa mwaka 1968. Mwandishi mwangalifu atakuambia hivyo waziwazi, kisha atakueleza kwa nini bado anamwamini.

Kuhusu jina, vita au mauaji, kijana asipoteze kurasa. Serikali ya Marekani yenyewe, katika mkataba ule wa 1865, ilikiri uovu uliotendwa na Chivington na askari wake dhidi ya watu waliokuwa katika amani na chini ya ulinzi wa bendera yake. Black Kettle alikuwa ameipandisha bendera hiyo juu ya hema lake. Hata hivyo jiwe lililowekwa karibu na mahali pale mwaka 1950 liliandikwa kwamba ni uwanja wa vita, na sanamu ya askari iliyosimamishwa mbele ya jengo la bunge la jimbo Denver mwaka 1909 iliihesabu Sand Creek miongoni mwa vita, mpaka ilipoangushwa Juni 2020. Jiwe hutuambia habari za walioliweka. Mpeleke kijana akaone eneo lenyewe, ni kama saa tatu kwa gari kutoka hapo mlipo.

Kwa nini vitabu vingi vya zamani viko hivyo? Mwaka 1893 mwanahistoria kijana, Frederick Jackson Turner, alisoma hotuba Chicago akisema kwamba Marekani iliumbwa na kusonga kwake magharibi katika ardhi iliyo huru. Ardhi huru. Wenyeji katika hotuba ile wanapita kama hali ya hewa. Kiangazi hichohicho, nje ya uzio wa maonyesho ya dunia ya Chicago, Buffalo Bill, mwenye michezo ya kuigiza maisha ya Magharibi, alikuwa akiwaonyesha watazamaji Wahindi Wekundu wakishambulia magari ya walowezi. Vizazi vya waandishi vilikulia kati ya mambo hayo mawili. Wengi watakuambia kwamba walowezi waliokwenda Oregon na California walichinjwa kwa maelfu njiani. Mwanahistoria John Unruh alipokaa kuhesabu, kwa miaka ya 1840 hadi 1860 alipata walowezi 362 waliouawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliouawa na walowezi. Kipindupindu kiliua wengi zaidi kuliko mishale. Alifanya kazi ambayo waliomtangulia walidhani imekwisha kufanywa, kwa sababu kila mmoja alimnakili aliyemtangulia.

Msikubali pia kuambiwa kwamba wenyeji hawakuandika, kwa hiyo hawana ushahidi. Walakota, kabila jingine la wenyeji, walichora kwenye ngozi picha moja kwa kila mwaka. Karibu kumbukumbu zote za aina hiyo zinazofika nyuma kiasi hicho zina mwaka wa nyota zilizoanguka, yaani mvua ya vimondo ya Novemba 1833 ambayo wanaastronomia waliiandika tarehe yake. Kwa mwaka huo mmoja wataalamu wanapanga miaka mingine yote. Sisi Watanzania tungepaswa kulielewa hili haraka kuliko watu wengi: habari za Maji Maji zilikaa miongo katika taarifa za maafisa wa Kijerumani, mpaka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini mwaka 1968 kuwasikiliza wazee.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo linaloniudhi kuliko hata kitabu chako cha mitumba. Wamejaa siku hizi watu wanaouza "historia iliyofichwa". Video za dakika kumi, vitabu vya bei ya chee visivyo na mwandishi anayejulikana, picha zenye maneno matamu ya machifu. Wanawaambia watu wetu kwamba wazungu wameficha ukweli, na kwa kuwa ni kweli mengi yalifichwa, watu wanaamini lolote. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea orodha ya marejeo aliyoitoa kwenye kitabu cha namna hiyo. Nilitafuta vitabu saba vya kwanza. Vitano havipo duniani.

Mfano mkubwa ni hotuba ya Chifu Seattle, ile isemayo kwamba ardhi si mali ya mtu. Utaikuta kila mahali. Ndani yake chifu anasema ameona nyati elfu moja wakioza mbugani, wamepigwa risasi na mzungu kutoka kwenye treni inayopita. Seattle aliishi pwani ya Puget Sound, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ambako hakukuwa na nyati. Alifariki mwaka 1866, na reli ya kuvuka bara ilikamilika 1869. Maneno hayo yaliandikwa na mwandishi wa filamu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chifu alihutubia kweli miaka ya 1850, lakini hata maandishi ya kwanza ya hotuba hiyo yalitolewa gazetini mwaka 1887 na daktari mmoja mzungu, zaidi ya miaka 30 baadaye, kutokana na kumbukumbu alizosema aliziandika.

Watu huniambia: Mwalimu, nia ni njema, yaache. Siwezi kuyaacha. Kila uongo mzuri unaosemwa kwa niaba ya wenyeji ni silaha mkononi mwa yule anayetaka kusema kwamba na Sand Creek nayo ilitiwa chumvi. Atakuonyesha treni ya Seattle, kisha atakuuliza ni mangapi mengine mmeyatunga. Na hapo wa katikati watasimama tena kusema kila upande una uongo wake, tugawane.

Kitabu kuwa na nembo ya chuo kikuu hakutoshi kukulinda. Mwaka 1976 chapa ya Chuo Kikuu cha Arizona ilitoa kitabu kilichosemekana kuwa ni kumbukumbu za mke wa Wyatt Earp, askari wa Tombstone. Kilinukuliwa kwa zaidi ya miaka 20 kabla watafiti hawajaonyesha kwamba sehemu kubwa yake haikutoka kwa mama huyo. Walichofanya ni kuomba waonyeshwe hati asilia. Hazikuonekana.

Mwalimu mmoja wa shule aliniandikia akitaka ruhusa ya kuitumia tafsiri yangu ya hotuba ile ya Seattle, aibandike ukutani darasani. Sijawahi kuitafsiri. Nilimjibu kwamba nitamtafsiria barua ya Soule kwa Wynkoop, bure, aibandike hiyo. Ina tarehe, ina sahihi, na aliyeiandika aliuawa kabla ya kutimia miezi mitano.