Miaka saba kwenye meza ileile: nimsubiri meneja hadi lini?

SWALI: Mimi ni karani wa uhasibu katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi, na huu ni mwaka wa saba nikiingiza ankara za wasambazaji. Nilipita ngazi ya kwanza ya CPA, yaani mitihani ya kitaaluma ya uhasibu, kisha nikaacha kwa kukosa karo. Wenzangu wawili niliowafunza kazi wamepandishwa cheo, ilhali kila ninapogusia suala hilo meneja hunijibu kwamba subira huvuta heri. Je, nivumilie au nihame?
Msomaji, Embakasi

JIBU: Dada, katika barua yako nimetafuta mahali ulipomtajia meneja, bila kuzungukazunguka, cheo unachokitaka, nami sikupaona. Unasema kwamba "hugusia". Jambo linalogusiwa wakati wa chai ni rahisi kujibiwa kwa methali, kwa hiyo sitamlaumu meneja kabla hujamuuliza swali linalomlazimu kujibu waziwazi.

Kabla ya kumwendea, jikusanyie ushahidi. Mwajiri hutunza kumbukumbu za mishahara na likizo, lakini ni nadra kumpata anayeandika kwamba ni wewe uliyegundua msambazaji karibu alipwe mara mbili, au kwamba ritani ya kodi ya ongezeko la thamani iliwasilishwa kabla ya tarehe 20 kwa sababu ankara zako zilikuwa tayari. Andika mambo ya aina hiyo kila mwezi katika daftari lako, pamoja na majina ya kazi ulizowafunza wale wawili, maana kufunza wengine ni sehemu ya kazi ya msimamizi na wewe umekuwa ukiifanya bila cheo. Stakabadhi za kampuni usizitoe ofisini. Kumbukumbu ya ulichokifanya inatosha.

Kisha omba kikao rasmi. Taja cheo, uliza unapungukiwa na nini, uliza ni mwezi gani suala lako litaangaliwa upya, na siku hiyohiyo umtumie meneja baruapepe fupi yenye mliyokubaliana. Iwapo majibu yataonyesha kwamba unanyimwa nafasi kwa sababu ya jinsia, ujauzito au kabila, hilo si suala la subira tena, kwa kuwa kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi hata katika kupandisha watu vyeo.

Kuhusu CPA, nitakuwa mkali kidogo: meneja akikwambia kwamba hukumaliza masomo, atakuwa na hoja. Mtihani huo, unaotolewa na bodi ya mitihani ya KASNEB, una ngazi tatu, na bila kuzimaliza ni vigumu kuwa mwanachama kamili wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, sharti ambalo waajiri wengi wa Nairobi huliweka kwa nafasi za juu za uhasibu. Karo ndiyo iliyokukwamisha, lakini je, umewahi kuiomba kampuni ikusaidie? Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi ili kuchangia hazina ya mafunzo inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, na wanaweza kudai warudishiwe gharama za mafunzo ambayo mamlaka hiyo imeyaidhinisha. Waulize watu wa rasilimali watu kama masomo yako yanaweza kuingizwa humo. Wakikataa, angalau waombe mkopo utakaokatwa kwenye mshahara.

Mwezi mliokubaliana ukipita bila jibu, anza kutuma maombi kwingine, ila usijiuzulu kwa hasira kabla ya kupata barua ya kazi mpya. Utakapoondoka, kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri akupe hati ya utumishi inayoonyesha aina ya kazi uliyofanya pamoja na tarehe za kuanza na kumaliza. Hata hivyo, hakimlazimishi kueleza jinsi ulivyoifanya. Barua ya kukusifu itakubidi uiombe mwenyewe, mkiwa bado mnaelewana, na ikiwa meneja atasitasita, yupo pengine mkuu wa idara nyingine ambaye ameiona kazi yako kwa miaka yote hiyo.