Kabla hujafundisha modeli itabiri macho ya watu

Mwezi uliopita kijana mmoja alinitumia matokeo ya modeli yake, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano. Aliifundisha itabiri watu hutazama wapi wakionyeshwa picha, akaijaribu kwenye picha tano: mtaa, soko, sebule, kiwanja cha mpira na kituo cha basi. Juu ya kila picha kulikuwa na doa jekundu lililofifia kuwa manjano pembezoni, na AUC yake ilikuwa 0.8. AUC ni alama ya jinsi modeli inavyotofautisha sehemu zilizotazamwa na zisizotazamwa: 0.5 ni kubahatisha, 1 ni bila kosa. Alitaka kujua afanye nini ili afike 0.9. Nikamwomba azipange zile ramani tano sambamba, bila picha chini yake. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kaka, zote ni moja." Doa lilikuwa katikati, kwenye zote tano.

Nami nilipita njia hiyohiyo na ilinila miezi kadhaa, ndiyo maana naandika. Mpiga picha huweka kitu cha maana katikati. Mtazamaji naye huanzia katikati ya kioo cha kompyuta hata kabla hajajua kilichopo. Tilke Judd na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, waliwakalisha watu 15 mbele ya picha 1,003, sekunde tatu kwa kila picha, na mwaka 2009 wakachapisha walichokiona: asilimia 40 ya mahali macho yalipotua palikuwa ndani ya asilimia 11 ya katikati ya picha, na asilimia 70 ndani ya robo ya katikati. Kwa hiyo duara la ukungu lililochorwa katikati, bila kuiangalia picha yenyewe, linapata alama za kuridhisha. Kwenye picha 300 ambazo MIT iliziweka ziwe mtihani wa modeli hizi, duara hilo lilipata AUC ya 0.78 na kuipita modeli maarufu ya Itti, Koch na Niebur ya mwaka 1998, iliyopima tofauti za rangi, mwanga na mielekeo ya mistari.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujagusa mtandao wa neva (aina ya modeli inayotumika zaidi siku hizi), chora duara hilo na ulipime kwa data yako. Hiyo ndiyo sifuri yako. Halafu usitegemee AUC peke yake. Tumia na NSS, ambayo hesabu yake hata mtu wa kidato cha nne anaielewa: ichukue ramani ya modeli, iweke wastani wake uwe 0 na mchepuko sanifu uwe 1, kisha soma thamani pale macho yalipotua na utafute wastani wa thamani hizo. Ukipata 0, umebahatisha tu. Ipo pia AUC ya kuchanganya, ambayo "sehemu zisizotazamwa" huzichukua kutoka mahali watu walipotazama kwenye picha nyingine. Hapo lile duara la katikati linaanguka hadi karibu na 0.5, na modeli iliyojificha nyuma yake inaonekana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona linawapoteza wengi zaidi. Kutabiri macho na kugawa picha vipande, yaani kuchora mpaka wa kila kitu kilichomo na kukipa jina, ni kazi zinazofanana sana kwa nje. Zote zinapokea picha na kutoa ramani ya ukubwa uleule. Zote siku hizi zinaanza na mtandao uliokwisha kufundishwa kwa mamilioni ya picha. Mtu akishaandika programu ya moja, anabadilisha data tu na kudhani anayo ya pili. Lakini jibu sahihi la kugawa picha limo ndani ya picha: mpaka wa bajaji na barabara upo pale, awepo mtu wa kuutazama au asiwepo. Jibu sahihi la macho halimo ndani ya picha. Limo kwa watu walioitazama, kwa umbali fulani, kwa muda fulani, wakiwa na swali fulani kichwani.

Mfano wa karibu ni ile tabia ya kuzidisha data kwa kuigeuza na kuikata. Watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walipotoa U-Net, mtandao wa kugawa picha, mwaka 2015 walionyesha kwamba unaweza kufundisha mtandao kugawa picha za hadubini kwa picha 30 tu, ukizizungusha na kuzivutavuta kama mpira. Ni halali kabisa, maana mpaka wa seli ukivutwa, lebo yake, yaani jibu lililochorwa, inavutwa nao. Nilichukua mbinu hiyohiyo nikaipeleka kwenye data ya macho. Nilikata robo ya kushoto ya picha ya soko, nikabaki na vituo vya macho (mahali macho yalipotua) vilivyomo humo, nikaiita picha mpya. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuitazama robo ile peke yake. Aliyetazama alikuwa na uso wa mtoto upande wa kulia unaomvuta. Ungemwonyesha robo tupu, angetazama kwingine kabisa. Nilikuwa naifundisha modeli majibu ya maswali ambayo hayakuulizwa. Kugeuza kushoto kuwa kulia kunavumilika, kama picha haina maandishi. Kukata na kuzungusha, usiguse.

Ili uelewe kwa nini, lazima ukae na mtu mbele ya kifaa cha kufuatilia macho angalau mara moja. Jicho haliserereki juu ya picha. Linaruka, linatua, linaruka tena, mara tatu au nne kwa sekunde, kwa sababu sehemu yake inayoona kwa ukali ni ndogo mno. Nyoosha mkono utazame ukucha wa kidole gumba: karibu upana huo ndio unaouona vizuri kwa wakati mmoja, mengine yote ubongo unayakisia.

Sisi tuliazimwa kifaa kwa wiki mbili. Mshiriki anakaa, anatazama nukta tisa moja baada ya nyingine mpaka kifaa kiyazoee macho yake, ndipo picha zinaanza. Wengi walikuwa wanafunzi, lakini tulimwomba pia mama mmoja anayeuza vitumbua getini, naye akakubali. Tulimwonyesha picha ya mtaa wa Kariakoo asubuhi: watu wengi, mabango, na chini kabisa pembeni turubai lenye nyanya. Wanafunzi karibu wote walitua kwenye nyuso, kisha kwenye maandishi ya mabango, jambo linalojulikana, maana nyuso na maandishi huvuta macho. Yule mama alipita kwenye uso mmoja, akashuka kwenye nyanya, akakaa hapo. Akatua fungu la kwanza, la pili, la tatu, akarudi la kwanza. Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unaangalia nini pale?" Akasema, "Mafungu, mwanangu. Yule anajaza, haya mengine yamepangwa juu tu."

Mtu mmoja si utafiti, na sijengi nadharia juu yake. Ila nilipochanganya macho yake na ya wenzake kutengeneza ramani ya wastani, zile nyanya zilipotea. Tangu siku hiyo kila faili langu la macho lina maelezo ya nani alitazama na aliambiwa nini kabla ya kutazama. Hilo la pili lina uzito kuliko unavyodhani. Alfred Yarbus, mtafiti wa Kirusi, aliwaonyesha watu mchoro mmoja wa Ilya Repin wenye familia sebuleni na mgeni anayeingia ghafla, akawauliza maswali tofauti: familia hii ina hali gani kiuchumi, watu hawa wana umri gani, wamevaa nini. Mchoro ni uleule, lakini njia za macho zilibadilika kwa kila swali. Kama data yako ilikusanywa kwa "tazama tu", usiitumie kutabiri dereva anatazama wapi.

Mambo madogo ya kuandika kwenye daftari: umbali kati ya jicho na kioo, upana wa kioo kwa sentimita, na idadi ya pikseli zake. Seti yangu ya kwanza niliitupa kwa sababu sikupima umbali. Vituo vya macho hugeuzwa ramani kwa kuvitia ukungu wa takribani digrii moja ya uoni (pembe inayopimwa kutoka jichoni), na digrii hiyo haina maana bila umbali. Mtu akikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, digrii moja ni kama sentimita 1.05. Kioo cha upana wa sentimita 53 chenye pikseli 1,920 kinakupa ukungu wa pikseli 38 hivi. Ukikisia 100, ramani zako zote zitakuwa mawingu. Tupa pia kituo cha kwanza kabisa, kwa kuwa mshiriki alikuwa bado anatazama alama ya katikati uliyomwekea.

Na kama huna kifaa? Wengi wetu hatuna, na mtu asikukatishe tamaa kwa hilo. Ile data kubwa ya SALICON ya mwaka 2015, yenye picha 20,000, haikutumia kifaa cha macho. Watu walionyeshwa picha yenye ukungu, na waliposogeza kipanya, sehemu ndogo chini yake ikawa wazi. Unaweza kufanya hivyo kwa ukurasa mmoja wa wavuti na watu kumi wa mtaani kwako. Waombe ruhusa kwanza, uwaeleze unachokusanya, maana mahali mtu anapotazama ni habari yake binafsi. Jibu la kipanya ni la polepole kuliko la jicho, lakini linatosha kuanzia. Ukiwa na data ndogo hivyo, usifundishe mtandao mzima. Zigandishe tabaka zilizokwisha kujifunza, yaani usizibadilishe, ufundishe chache za mwisho tu, kama walivyofanya wale wa DeepGaze, modeli ya kutabiri macho, kule Tübingen, Ujerumani. Hifadhi uzito wa modeli, yaani namba ilizojifunza, kila inapomaliza kuipitia data yote. Umeme ukikatika usiku utanikumbuka.

Upande wa kugawa picha, ushauri wangu ni mmoja na ni wa jasho: chora mipaka ya picha 50 kwa mkono wako kabla hujamwachia mtu au mashine. Nilichukua modeli iliyofundishwa kwa Cityscapes, picha 5,000 za mitaa zilizochorwa kwa uangalifu kutoka miji 50, karibu yote ya Ujerumani, nikaipa picha za Mwenge na Mbagala. Barabara ya lami iliipata. Anga iliipata. Bajaji ikaigawa mara mbili, mbele pikipiki, nyuma gari. Mkokoteni uliosheheni magunia ukawa vipande vinne: magurudumu yakawa baiskeli, magunia yakawa ukuta, mpini ukawa nguzo, na anayesukuma ndiye peke yake aliyepewa jina lake. Modeli haikuwa na kosa. Cityscapes ina aina 19 za kupimia, na wala bajaji wala mkokoteni si mojawapo. Wahindi walikutana na tatizo hilohilo, wakatengeneza seti yao ya picha zaidi ya 10,000 kutoka Hyderabad na Bangalore, na bajaji humo ina aina yake. Kwa bajaji za Dar ilinisaidia sana. Kwa mkokoteni ilibidi tuchore wenyewe.

Ukichora mwenyewe ndipo maswali ya kweli yanapokuja. Mzigo juu ya mkokoteni ni sehemu ya mkokoteni? Beseni kichwani kwa mtu ni mtu? Kivuli cha mwavuli wa mama ntilie kinaishia wapi? Tuliamua: kinachosogea pamoja ni kitu kimoja, tukaliandika hilo kwenye karatasi na kuibandika ukutani ili wachoraji wote wafuate. Bila karatasi ile, wachoraji wawili walitofautiana kwenye mikokoteni kuliko modeli ilivyotofautiana na yeyote kati yao. Ukipima, toa alama ya kila aina peke yake: eneo ambalo modeli na mchoraji wamekubaliana, ligawanye kwa eneo lote ambalo mmoja wao amelidai. Wastani wa pikseli zote utabebwa na anga na barabara, na mkokoteni wako unaweza kuwa 0 usijue.

Kuziunganisha kazi hizi mbili kunawezekana, na ndiko ninakofanyia kazi sasa. SAM, modeli iliyotolewa na Meta mwaka 2023 baada ya kufundishwa kwa picha milioni 11, inakubali nukta moja na kukupa mpaka wa kitu kilicho chini yake. Nikaipa vituo vya macho viwe nukta. Jicho likitua kifuani kwa mtu, SAM inatoa majibu matatu, kwa mfano kifungo, shati, au mtu mzima, kwa sababu nukta pekee haisemi ni kipi. Jicho nalo halisemi. Mimi nachukua vituo vyote vya mtazamaji mmoja vilivyofuatana, naviweka pamoja, nachagua umbo linalovibeba vingi bila kumeza nusu ya picha. Ni kanuni ya kukadiria tu, lakini inafanya kazi vizuri kuliko nukta mojamoja.

Kuwa mwangalifu na njia ya mkato ya kuamini kwamba palipotazamwa sana ndipo penye thamani. Twitter ilianza mwaka 2018 kukata picha za watumiaji kwa modeli ya kutabiri macho. Mwaka 2020 watu wakaanza kuona inapendelea nyuso za weupe kuliko za weusi, na mwaka 2021 watafiti wa kampuni hiyohiyo walichapisha vipimo vilivyoonyesha upendeleo upo, kwa rangi na kwa jinsia, na ukataji huo ukaachwa. Ramani ya macho inasema wale watu, kwa wastani, walitazama wapi. Nani abaki kwenye picha ni uamuzi mwingine, na ni wa mwenye picha.

Yule kijana alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amechora duara, amepima NSS ya duara na ya modeli, na tofauti ilikuwa ndogo sana. Ila alinitumia picha moja, ile ya soko. Duara la katikati lilikuwa juu ya mgongo wa mtu. Ramani ya modeli, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imehama pale na kwenda pembeni kulia, kwenye uso wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Nikamwambia aiache kwanza AUC, atafute picha nyingine 20 za namna hiyo, ambazo kitu cha kutazamwa hakiko katikati, awe anaipima modeli kwa hizo kila jioni.