Kwetu moto hautoki kusini

Wiki hii mmeuliza: "Je, unaweza kushiriki ibada ya imani isiyo yako?" Nilipoanza kuandika, jibu langu lilikuwa hapana, tena hapana ya mkato. Mtu na ibada yake. Mgeni akae pembeni asubiri pilau. Lakini swali lenu limenigusa pengine kabisa, na huko ndiko nitakakojibu: ukishiriki, utasimama upande gani? Upande wa dira, sisemi wa hoja.

Mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu, na nafanya kazi ya kutunza wazee kusini-magharibi mwa England. Mwenzangu wa zamu, binti wa huku huku, ni Mpagani. Ndivyo wanavyojiita wenyewe, wala hawaoni tusi. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilipata watu wapatao 74,000 waliojiandika hivyo, mbali na wengine kama 13,000 walioandika Wicca, tawi moja la Upagani huo. Alipoolewa akanialika Avebury.

Avebury ni kijiji ambacho sehemu yake imo ndani ya duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Barabara ya magari inakatiza humo, baa ipo, na kondoo wanalisha kati ya mawe bila habari na mtu. Ndoa ya namna ile sheria ya England haiitambui, kwa hiyo kwa msajili walikwishapita. Hii ilikuwa ya kufungwa mikono kwa utepe.

Kabla ya utepe, watu wanne wanasimama pande nne. Mashariki ni hewa, huyu kashika ubani. Kusini moto. Magharibi maji, kwenye bakuli. Kaskazini udongo, nao ulikuwa sahani ya chumvi. Wanaanzia mashariki wakifuata mwendo wa jua, kila mmoja anatazama nje ya duara, anakikaribisha kitu chake, na watu wanaitikia. Sasa yule wa moto hakutokea. Bibi harusi akaniangalia mimi, akaniomba nishike taa tu, maneno atayasema shangazi yake. Utamkatalia bibi harusi siku yake? Nikashika.

Hapo ndipo dira iliponivuruga. Upepo wa England mara nyingi unatoka kusini-magharibi, na siku ile haukubadili desturi. Yule wa ubani, msimamizi wa hewa, upepo ulimpiga mgongoni. Moshi wote ukatoka nje ya duara ukawaendea kondoo. Nikamuuliza shangazi kwa sauti ya chini, mbona hewa mmeiweka upande usiotoka upepo? Akasema mashariki ni alfajiri, na alfajiri ni pumzi ya kwanza. Sawa. Kusini ni moto kwa sababu jua la adhuhuri liko huko. Magharibi ni maji, Atlantiki iko huko. Kaskazini jua halifiki, basi ni udongo, baridi na usiku wa manane.

Nikaguna. Tanga bahari iko mashariki, na ukiivuka unakuta Pemba, nisiseme zaidi. Joto linakuja na kaskazi, Desemba mpaka Machi. Kusi ikivuma watu wanajitafutia khanga ya pili. Jua lenyewe halina msimamo: tuko nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri linakaa kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, miezi iliyobaki liko kaskazini. Na kaskazini ndiko tunakoelekea tukisali, maana Makka iko karibu sawasawa juu yetu kwenye ramani. Mtu wa Tanga umwambie kaskazini ni giza?

Zamu yangu ikafika. Nikainua taa, shangazi akasema yake. Kwa pale Avebury kibla ni kusini-mashariki, na mimi nilikuwa nimeelekezwa kusini. Nikajigeuza kidogo kushoto, nikasoma nilichokisoma kimoyomoyo. Hakuna aliyegundua.

Baadaye nilitafuta nani aliyepanga zile pande. Si watu wa mawe. Walioueneza mpango huo ni Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888, na Wicca ikaurithi kwao. Gerald Gardner alianza kuitangaza Wicca hadharani baada ya sheria ya uchawi kufutwa mwaka 1951. Kwa hiyo kuna wazee ninaowaogesha kila asubuhi ambao wana umri mkubwa kuliko matangazo hayo.

Ila vile vitu vinne ni vya zamani. Empedocles, Mgiriki wa Sicily, alivitaja karne ya tano kabla ya Kristo, Waarabu wakavipokea, na kwa njia hiyo vikaingia kwenye falaki yetu ya pwani, yaani elimu ya kutazamia nyota. Punda, Simba na Mshale ni nyota za moto. Kaa, Nge na Samaki za maji. Waliokuwa wakimsikiliza mnajimu marehemu Sheikh Yahya Hussein hawahitaji somo hapa. Na wanafalaki wa Kiarabu wa kale waliweka moto mashariki, udongo kusini, hewa magharibi na maji kaskazini, yaani hakuna hata kimoja kinachooana na Avebury. Bibi yangu hakuwa akisafiri bila kuuliziwa nyota. Sasa mimi nitamcheka nani?

Kilichonilegeza zaidi ni Wapagani wa Australia. Wengi wao wamehamishia moto kaskazini, liliko jua lao, na wanazunguka kinyume na Waingereza. Watu wanaokubali kusogeza moto wao kwa sababu ya jua nawaheshimu, ingawa imani yao siitaki.

Basi andikeni kwamba nimejibu ndiyo. Ndiyo ya kushika taa, si ya kukaribisha kitu. Maneno wayaseme wenyewe, na nikiambiwa ninywe kikombe cha pamoja naondoka. Na safari nyingine wanipe kaskazini, chumvi nitaishika bila kinyongo. Mume wangu amesoma haya akasema nimejitetea tu, hakuna jibu humu. Yeye naye ana simu, aandike lake.